Hakuna Trauti Tabora

*Nilikwenda kuandika habari za miembe na njia ya misafara. Nikarudi na habari za samaki, na za nyumba yangu mwenyewe.*

Safari hii ilianza kwa kuchomwa kidole.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Nilikuwa napekua mifuko ya koti la mume wangu kabla ya kulipeleka kwa dobi, kama mke yeyote afanyavyo (usinicheke, na wewe unafanya). Nilitegemea kukuta risiti, au noti iliyosahaulika. Na tuseme ukweli, mwanamke akipekua mifuko ya mumewe kuna kitu kingine anaogopa kukikuta. Basi mimi nikakuta ndoano. Ndoano ya samaki, imechomekwa kwenye kipande cha kandambili, na mshipi umeviringwa juu yake vizuri kabisa.

Koti lenyewe ni la suti. La kwendea ofisini. Sasa ndoano inatafuta nini kwenye koti la ofisini?

Jumatatu nilimpigia simu mfanyakazi mwenzake. Akanyamaza, tena muda mrefu mno, halafu akasema: "Shemeji, kwani hajakwambia?"

Alikuwa amepunguzwa kazini miezi miwili nyuma. Kila asubuhi alikuwa anafunga tai, ananiaga, anabeba begi la kompyuta, anakwenda kukaa ufukweni kwenye mawe pamoja na watu wanaovua kwa mshipi, mpaka jioni. Wale changu wawili aliokuja nao Jumatano moja akisema kapitia feri, kumbe kawavua mwenyewe! Na mimi niliwakaanga, nikawasifia.

Unadhani nilifanya nini? Sikufanya kitu. Nilijiambia ngoja aseme mwenyewe. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Nikawa namfungia tai asubuhi huku najua anakwenda kukaa juu ya mawe. Kwa hiyo siri zikawa mbili: ya kwake ya kazi, na ya kwangu ya kujua. Zote zinalala kitanda kimoja.

Baba yake akapiga simu kutoka Tabora, anataka kutuona. Na mimi ofisini nilikuwa nadaiwa makala ya safari. Tukafunga mizigo.

Samaki wa fungate

Kabla hatujaondoka, nikueleze kuhusu trauti.

Fungate letu tulilifanyia Nyeri, Kenya, chini ya Mlima Kenya. Huko kuna vijito vidogo, maji yake baridi kama ya friji, yanakimbia juu ya mawe, na ndani yake kuna samaki mwenye madoadoa anayeitwa trauti. Si mwenyeji wa huku. Mayai yake yaliletwa na walowezi kutoka Uskoti mwaka 1905, wakampandikiza katika vijito vya milima ya Aberdare ili wapate kuvua kama kwao. Baadaye akaenezwa kwingine kwenye milima, hata huku kwetu, Mto Kiwira kule Rungwe.

Trauti havuliwi kwa mnyoo. Yaani anaweza, lakini wenyewe wanaona ni kama kula pilau kwa mwiko. Anavuliwa kwa nzi wa bandia: ndoano ndogo sana iliyofungwa manyoya na uzi mpaka ifanane na mdudu. Unasimama ndani ya maji hadi magotini, unarusha uzi mbele na nyuma kama mtu anayechapa mjeledi polepole, halafu unamtua yule mdudu juu ya maji kwa upole, kama vile kaanguka mwenyewe. Trauti akidanganyika, anapanda.

Mume wangu alirusha siku mbili. Hakupata hata mmoja. Lakini alirudi hotelini na uso ambao sijauona tena tangu siku ile, na akanunua fimbo moja ya kuvulia, nyembamba, ya kukunja. Ikakaa juu ya kabati letu Dar miaka saba. Safari hii aliishusha.

"Baba watoto, Tabora kuna mlima gani?" nikamuuliza.

"Kuna mto," akasema.

Njia ya wapagazi

Kutoka Dar mpaka Dodoma tulipanda treni ya umeme, ile ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Saa chache tu umefika, hujamaliza hata karanga zako. Dodoma tukahamia treni ya zamani, ya reli nyembamba, maana baba mkwe ni mstaafu wa reli na hataki kusikia kwamba mtu kafika Tabora kwa basi.

Usiku ule ndio nilioanza kuielewa njia. Reli ya kati inafuata kwa karibu njia ya misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo na Unyamwezi hadi Ujiji, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Leo unailala tu. Wazungu wawili, Burton na Speke, walitoka pwani Juni 1857 wakafika Kaze, yaani Tabora ya sasa, tarehe 7 Novemba. Zaidi ya miezi minne. Na wao hawakubeba kitu. Waliobeba ni wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, vijana waliofanya kazi hiyo kwa ujira: shehena ya kilo 30 au zaidi begani, nguo na shanga wakienda bara, pembe za ndovu wakirudi pwani.

Baada ya Manyoni na Itigi unaingia kwenye pori ambalo misafara ililiita Mgunda Mkali. Jina linajieleza. Maji haba, vijiji haba, na msafara ulipita hapo mbiombio ili usife kiu. Mimi nilipita nikiwa nimejilaza kitanda cha juu. Chini yangu mume wangu alikuwa anajifanya amelala, na mimi namjua akilala kweli anavyohema.

Kabla ya mapambazuko treni ikasimama. Nikachungulia dirishani. Kibao kiliandikwa Tura. Watu wawili wakashuka na mabegi, wakapotea gizani, tukaendelea.

Mji wa kusubiri

Tabora ni mji mtulivu, mpana, una miembe mizee ambayo asili yake ni biashara ya misafara. Waarabu waliofanya makao hapa ndio walioipanda kwa wingi. Uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa kavu, asubuhi za Mei kuna kaubaridi katamu. Reli ilifika hapa 1912, na ilipofika Kigoma 1914, kazi ya wapagazi katika njia hii ikawa imekwisha. Kizazi kizima cha watu waliojua kazi moja barabara, wakaambiwa haihitajiki tena. Nilimwona mume wangu akisikiliza habari hiyo. Akaangalia pembeni.

Tulikwenda Kwihara, kilomita chache nje ya mji, kwenye tembe la Livingstone. Nyumba iliyopo imejengwa upya kwa mtindo wa ile ya zamani, kuta nene za udongo na mlango wa kuchongwa, na sasa ni makumbusho. Livingstone na Stanley walifika hapo pamoja Februari 1872, baada ya kukutana Ujiji. Mwezi uliofuata Stanley akaenda zake pwani, akaahidi kumtumia wapagazi. Livingstone akabaki akisubiri miezi mitano mpaka walipofika Agosti. Mwaka uliofuata akafa katika nchi ambayo sasa ni Zambia, na watu wake, Chuma na Susi wakiongoza, wakaubeba mwili wake kwa miguu hadi Bagamoyo, wakipitia tena Unyanyembe, hapa hapa.

Nilisimama mlangoni nikiwaza: miezi mitano ya kusubiri mtu atimize neno. Mimi wiki tatu tu zimeshanikondesha.

Mtoni

Mzee alitutoa kitandani saa kumi na moja alfajiri. Nikampigia magoti, "Shikamoo baba," akaitikia, akanikabidhi kopo lenye udongo. Ndani yake nyungunyungu wanajipinda. Nikalipokea kwa vidole viwili.

Mto wenyewe ni Igombe, kaskazini ya mji, juu ya lile bwawa ambalo kwa miaka mingi lilikuwa ndilo linaloinywesha Tabora kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafika. Usitegemee mawe wala povu. Sehemu tuliyokwenda, Igombe ni kijito cha rangi ya chai ya maziwa, kinapita katikati ya majani marefu na miti ya miombo, kinatulia kwenye vidimbwi, kinajikongoja tena. Ni mto wa msimu. Mvua zikiisha unapungua, mwisho unabaki madimbwi, na mengine yanakuwa tope.

Lakini maji hayo yana safari ndefu kuliko yetu. Igombe unakwenda magharibi kuungana na Malagarasi, Malagarasi unaingia Ziwa Tanganyika, ziwa linatokea Mto Lukuga kuelekea Kongo, na Kongo unamwaga Bahari ya Atlantiki. Reli yote ya Tabora inatazama Bahari ya Hindi, mto wake umeupa mgongo!

"Msikae karibu na maji," mzee akasema, "na msiingie." Kisha akatusimulia punda wa Stanley, aliyeitwa Simba. Novemba 1871, msafara ukivuka Malagarasi, punda huyo alivutwa kwa kamba aogelee, mamba akamdaka shingoni katikati ya mto, na watu wakivuta kamba huku na mamba akivuta kule, punda akazama. "Na huyo alikuwa Simba," mzee akamaliza, akacheka peke yake.

Kwa mila, mkwe na baba mkwe hawabanani. Mzee akaenda kukaa hatua thelathini juu yetu, chini ya mti, mgongo umetuelekea. Vifaa vyake: ufito, mshipi, chubwi ya risasi, boya la kipande cha kandambili. Nilipoliona lile boya, kidole kikaniwasha. Kumbe kuviringa mshipi kwa namna ile alifundishwa hapa, na huyu.

Mume wangu akakunjua fimbo ya Nyeri. Akafunga nzi wa manyoya, mwekundu na kahawia, akarudi nyuma, akarusha. Nzi akanasa kwenye mti. Akamnasua. Akarusha tena, akanasa kwenye majani. Mara ya tatu akatua majini vizuri sana, kama Nyeri kabisa, akaelea, akaelea, na hakuna kiumbe aliyemjali.

Huko juu mzee akanyanyua ufito bila haraka. Kambale, mweusi, masharubu yanacheza, urefu wa mkono wangu hadi kwenye kiwiko.

"Hakuna trauti Tabora," mzee akasema bila kugeuka. "Huyo samaki wako namjua, nilimwona kwenye picha. Anataka maji baridi. Anataka maji safi. Anataka yakimbie. Kikipungua kimoja, anakufa. Huyu hapa" (akamwinua kambale) "maji yakiwa tope, anapumua hewa kama wewe. Dimbwi likikauka, usiku anajiburuta kwenye majani kutafuta lingine. Mimi nimezaliwa namwona, na nitakufa namwacha."

Ni kweli. Kambale ana kiungo juu ya mashavu yake kinachomwezesha kupumua hewa nje ya maji. Nilikaa kwenye nyasi nikiwaza ile wiki yetu ya Nyeri, kila kitu baridi, kila kitu safi, kila kitu kinakimbia. Na nikawaza tope tulilomo sasa.

Fundo

Mara ya sita au ya saba, uzi wa mume wangu ulirudi na upepo ukajifunga. Si fundo moja, ni kama kiota cha ndege. Akakaa chini, akajaribu kulifungua kwa kucha. Nikasogea. Mmoja anashika hapa, mwingine anavuta pale, vichwa vyetu vimekaribiana kiasi kwamba nilisikia anavyohema. Hatukuwa tumekaa karibu hivyo kwa muda mrefu.

"Mama watoto," akasema, macho kwenye uzi. "Mimi sina kazi."

Nikavuta kitanzi kimoja kikatoka.

"Tangu mwezi wa tatu. Nilitaka nipate nyingine kwanza ndipo nikwambie. Kila siku nasema kesho."

"Najua," nikasema.

Mikono yake ikasimama. "Unajua nini?"

"Najua yote. Tangu siku ya koti. Niliichoma mwenyewe ile ndoano."

Hapo ndipo nilipotegemea anikumbatie. Ndivyo ingekuwa kwenye filamu. Hakunikumbatia. Alikasirika. "Wiki tatu unanifungia tai unajua? Ulikuwa unaniangalia tu?" Na mimi nikapanda: "Miezi miwili unavaa tai unanidanganya, halafu mwenye kosa ni mimi?" Tukarushiana maneno kwa kunong'ona, maana mzee yuko pale. Umewahi kugombana kwa kunong'ona? Ni kazi ngumu kweli. Nilimwambia niliogopa kwamba nikiuliza, atanidanganya tena uso kwa uso, na hilo nisingelisahau. Akaniambia aliogopa jinsi nitakavyomtazama. "Kama hivyo unavyonitazama sasa hivi," akasema. Na machozi yakamtoka.

Nilijitazama mimi mwenyewe. Kwa kweli nilikuwa namtazama vibaya.

Fundo bado lilikuwa mikononi mwetu. Tukaendelea kulifungua, kimya, mpaka uzi ukanyooka.

Mzee akakohoa huko juu, kile kikohozi cha mtu mwenye adabu. Akaja taratibu na samaki wake kwenye ufito, akasimama mbali kidogo.

"Mlipita Tura saa ngapi?" akauliza.

"Alfajiri, baba," nikamjibu.

"Mnajua Tura ni nini? Kwa Kinyamwezi, tula, weka chini. Msafara ukimaliza Mgunda Mkali, ukiingia nchi ya Wanyamwezi, hapo ndipo pa kwanza. Tua mzigo." Baadaye nilisoma kwamba hata Burton, aliyepita hapo 1857, alilieleza jina hilo hivyo hivyo. Mzee akaendelea: "Babu yangu alikuwa mpagazi. Alisema mtu kuchoka si aibu. Unatua mzigo kambini, mbele ya wenzako, wanajua fulani kachoka, kesho wanakupunguzia. Aibu ni yule anayejificha nao porini. Huyo msafara unamtafuta."

Hakumtazama mwanawe. Akamwekea ufito wake mapajani, akaenda kuwasha moto.

Mume wangu akavua nzi wa manyoya, akamchomeka kwenye kofia. Akachukua nyungunyungu kwenye kopo langu. Ilipofika saa nne, mimi, mimi mwenyewe wa kushika mnyoo kwa vidole viwili, nilivuta perege wa saizi ya kiganja. Nikapiga kelele hadi ndege wakaruka. Tulimchoma kwenye makaa na kambale wa mzee, chumvi na ndimu tu, tukala kwa ugali wa asubuhi. Ana mifupa mingi. Hata hivyo sijala samaki mtamu kama yule.

Tulivyorudi

Usidhani tulirudi Dar mambo yamenyooka. Hadi naandika ukurasa huu, mume wangu anafanya vibarua vya mahesabu kwa wafanyabiashara wadogo, na kazi ya kudumu bado. Ada ya muhula tuliilipa kwa mafungu. Tulipiga hesabu mezani, kalamu mkononi, na siku mbili tatu tuligombana, safari hii kwa sauti.

Lakini tai imerudi kabatini, na Jumamosi tunakwenda kule kwenye mawe wote wawili. Nimewajua wenzake wa mshipi. Wananiita shemeji. Wawili kati yao, nimegundua, nao wake zao hawajui.

Na tumepata neno jipya la nyumbani. Mmoja akilisema, hata kama ni saa ya taarifa ya habari, mwenzake anazima televisheni na kukaa. Neno lenyewe ni Tura.

Mume wangu ameisoma makala hii kabla yako. Amefuta sentensi moja. Sikwambii ipi.

Ukitaka kwenda

*Usafiri:* Treni ya SGR Dar es Salaam hadi Dodoma, kisha treni ya reli ya zamani au basi kupitia Manyoni na Itigi. Ulizia ratiba mapema.

*Wakati:* Mei na Juni mvua zimeisha, mito midogo bado ina maji, na hali ya hewa ni nzuri. Ukipenda maembe zaidi kuliko samaki, subiri mwisho wa mwaka.

*Kuvua:* Pitia kwanza ofisi ya uvuvi ya halmashauri, ujue taratibu na vibali, na nenda na mwenyeji anayejua maji. Mto Ugalla, uliokuwa maarufu kwa wavuvi na warina asali, uko ndani ya hifadhi ya taifa tangu 2019. Usiingie na ndoano yako bila ruhusa.

*Usikose:* Tembe la Livingstone pale Kwihara, na asali ya miombo. Nunua chupa mbili. Moja itaishia njiani.

*Beba:* Kofia, viatu vya kufunika, dawa ya mbu, na mzigo wowote ambao mwenzako bado hajauona.